Mafahali Wawili na Mwenye Zizi

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana wanajua jambo linaloninyima usingizi: kibarua anayemchukia kibarua mwenzake. Leo nalileta kupitia waigizaji wa filamu za ngono wa Marekani. Naona wengine mmeinamisha vichwa. Inueni! Sikuja kuzitetea filamu hizo wala kuzihukumu. Mtu anayelipwa kwa siku, kesho hana hakika, ni kibarua, awe amebeba zege au amesimama mbele ya kamera.

Mwigizaji wa New York wa miaka ya 1970 alipokea ujira wake, basi. Filamu ikiuzwa miaka ishirini, mrabaha hapati. Akidai nyongeza, yupo mwingine mlangoni, mdogo kwake. Naye humwonea kijicho huyo mdogo badala ya kumtazama prodyuza.

Hapa huwa naambiwa, "Mwalimu, mafahali wawili hawakai zizi moja." Kila mahali naambiwa hivyo! Mbona hatuulizi zizi ni la nani, na kwa nini limejengwa dogo?

Sikilizeni. Mwaka 1983 mwigizaji Veronica Hart alikuwa mjamzito. Wenzake wakamfanyia sherehe ya kumtarajia mtoto nyumbani kwa mwigizaji mwenzao Annie Sprinkle, Manhattan. Wanawake hawa walikuwa wakigombea kazi zilezile, sura zao zikishindana kwenye mabango yaleyale. Siku ile walikaa sebuleni, zawadi za mtoto mbele yao, wakaanza kuzungumza, na mazungumzo hayakutaka kwisha. Wakakubaliana kukutana tena. Kikundi wakakiita Club 90, kwa namba ya jengo lile. Alikuwemo Gloria Leonard, alikuwemo Veronica Vera, alikuwemo Candida Royalle.

Mtasema, hao walikaa kupiga soga tu. Soga! Mfanyakazi akishamwambia mwenzake alilipwa kiasi gani, na nani alimlazimisha asichokitaka, hiyo si soga tena. Mwaka 1984 walikipeleka kikao chao jukwaani, katika ukumbi wa Franklin Furnace, watu wakawaona wakizungumza kama walivyozungumza sebuleni. Mwaka huohuo Royalle alianzisha kampuni yake ya filamu, Femme. Na alipopata kampuni, alifanya nini? Aliwaita wenzake wa Club 90 waongoze filamu wao wenyewe. Hapa huwa nasimama, na leo nasimama tena: mshindani wako kakukabidhi kiti cha mwongozaji! Urafiki wao ulidumu miongo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kufika kwenye intaneti, ambako mwigizaji anauza video zake mwenyewe lakini anamhitaji mwenzake wa kurekodi naye ili kila mmoja apate wateja wa mwenzake. Hilo tuliache.

La upimaji siliachi. Mwaka 1998, baada ya maambukizi ya Virusi vya UKIMWI huko Los Angeles, Sharon Mitchell, aliyekuwa mwigizaji, alianzisha kliniki ya kuwapima wenzake. Mwaka 2004 mwigizaji mmoja alirudi kutoka Brazil akiwa na virusi bila kujua, na wanawake watatu wakaambukizwa. Kliniki ikaandika majina ya waliofanya kazi naye, kisha ya waliofanya kazi na hao, na upigaji picha ukasimama. Kila mmoja alipaswa kusema kweli: nimekuwa na nani, lini.

Haya, maswali. Anza wewe, dada, wa pale dirishani.