Kabla hamjachanga pesa za dhamana ya ndugu aliyekamatwa Marekani

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura, Goma na kwingineko, habari zenu. Leo nazungumzia simu ambayo hakuna familia inayopenda kuipokea, ile inayolia usiku kutoka Marekani, na anayepiga anasema kijana wenu amekamatwa, dhamana yake ni dola elfu kadhaa, na pesa zinatakiwa kabla hakujakucha. Nimeona watu wakiuza kiwanja kwa ajili ya simu kama hiyo bila kujua pesa inakwenda mikononi mwa nani, wala kama itarudi. Ndiyo maana nawaomba mnisikilize kwa makini.

Kwetu Tanzania tumezoea dhamana ya watu. Mtuhumiwa anatafutiwa wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, wanasaini bondi ya kiasi fulani, na kiasi hicho watadaiwa pale tu atakapotoroka. Katika majimbo mengi ya Marekani, jaji hutaja kiasi cha pesa, na mshtakiwa asiyekuwa nacho hubaki mahabusu hata kama hakuna anayedai kwamba ni mtu wa hatari. Katiba yao, katika marekebisho ya nane yaliyoidhinishwa mwaka 1791, inakataza dhamana ya kupindukia, lakini kipi kinapindukia hutegemea mfuko wa anayedaiwa, na mfuko huo mara nyingi hauulizwi.

Tazameni kesi mbili za jiji moja, New York. Desemba 2008 alikamatwa Bernard Madoff, mfanyabiashara wa fedha ambaye wateja wake walikuwa wameandikiwa kwenye taarifa zao mabilioni ya dola yasiyokuwepo. Aliwekewa dhamana ya dola milioni 10, nyumba za familia zikawekwa rehani, naye akasubiri kesi akiwa nyumbani kwake Manhattan hadi alipokiri makosa Machi 2009. Baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 150. Mei 2010, katika mtaa wa Bronx, alikamatwa mvulana wa miaka 16 aitwaye Kalief Browder, akituhumiwa kupora begi la mgongoni. Dhamana yake ilikuwa dola 3,000, familia haikuwa nazo, na baadaye hata hiyo dhamana ikaondolewa kwa kuwa alikuwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa la awali. Alikaa kisiwani Rikers, kwenye mahabusu ya jiji hilo, takribani miaka mitatu, sehemu kubwa ya muda huo akiwa amefungiwa peke yake, na kila alipoahidiwa unafuu akikiri kosa alikataa, akisema hakuiba. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa bila kesi kusikilizwa. Mwaka 2015, akiwa na miaka 22, alijiua. Jiji lilikuja kukubali kuilipa familia dola milioni 3.3 mwaka 2019, na mimi kila nikisoma kiasi hicho hukiweka kando ya zile dola 3,000 nikashindwa kuendelea kusoma.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, maana hapa ndipo ndugu zetu wanapopotea. Ziko njia mbili za kulipa. Ya kwanza ni kuiweka dhamana yote mahakamani, na kesi ikiisha, kama mshtakiwa alihudhuria kila alipoitwa, pesa hurudishwa, ingawa baadhi ya mahakama hukata ada na faini kabla ya kuirudisha. Ya pili ni kwenda kwa wakala wa dhamana, ambaye ni mfanyabiashara binafsi. Yeye huiahidi mahakama kiasi chote, na ninyi mnamlipa ada yake, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10. Ada hiyo hairudi, hata mashtaka yakifutwa kesho yake.

Mama mmoja wa jumuiya yetu huku Marekani, ambaye mwanawe alikamatwa katika jimbo la kusini, alitajiwa dhamana ya dola 7,500. Tulichanga kwenye kundi la WhatsApp, wengine dola 20, wengine 50, hadi zikafika 750 tukazipeleka kwa wakala. Niliziona karatasi alizosainishwa mezani pale. Ukurasa wa tatu ulimfanya yeye kuwa mdaiwa wa dola zote 7,500 iwapo kijana angekosa kufika mahakamani, gari lake likawa rehani, na chini kabisa palikuwa na ada ya kila mwezi ya bangili ya kielektroniki ya mguuni, ile ya kufuatilia kijana yuko wapi. Hakuna aliyemsomea. Alisaini kwa sababu alitaka mwanawe alale nyumbani, na mzazi yeyote kati yenu angesaini. Kesi ilipofutwa, watu wa kundi wakaanza kumwuliza michango yao iko wapi, wakidhani ameila, na maneno yale yalimuumiza kuliko kesi yenyewe.

Madhara makubwa zaidi ya kukosa dhamana nayaona kwenye kukiri kosa. Zaidi ya hukumu tisa kati ya kumi za jinai nchini humu hutokana na mshtakiwa kukiri kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Kijana aliye mahabusu, ambaye kodi ya nyumba inamsubiri na kazini ameshaanza kuhesabiwa mtoro, anaambiwa kwamba akikiri leo atatoka leo. Ninyi nyumbani, kwa nia njema kabisa, mnamwambia akubali yaishe. Kwa raia wa Marekani huenda yakaisha kweli, lakini kwa mwenye viza au kadi ya kijani, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, kukiri kunaweza kuwa mlango wa kurudishwa kwao. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa na ukazi halali wa zaidi ya miaka 40 na alikuwa amelitumikia jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Alipokamatwa Kentucky akisafirisha bangi, wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa ameishi nchini muda mrefu. Akakiri, kisha akakabiliwa na kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo kabla hajakiri. Kwa hiyo swali la uhamiaji lazima liulizwe kwanza, na liulizwe kwa wakili.

Wakili huyo, kwa asiye na uwezo, analipwa na serikali. Haki hiyo ilithibitishwa mwaka 1963 kupitia kesi ya Clarence Gideon, mtu maskini wa Florida aliyeiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli akiwa gerezani, na aliporudiwa kesi akiwa na wakili aliachiwa huru. Mawakili hawa wana mafaili mengi kupita kiasi, lakini wengi wao ni hodari, nao wanawajua majaji wa kaunti yao, yaani wilaya ndani ya jimbo. Msiwadharau kwa kuwa ni wa bure. Kwenye mahakama ya uhamiaji, hata hivyo, hakuna wakili wa kulipiwa na serikali, na dhamana ya huko ni nyingine kabisa, isiyopungua dola 1,500 kisheria. Mkilipa dhamana ya jinai wakati watu wa uhamiaji wameshamwekea kijana wenu zuio, anaweza kutolewa mahabusu na kukabidhiwa kwao hapo hapo.

Hapa Illinois mambo yamebadilika. Mawakala wa dhamana walipigwa marufuku tangu mwaka 1963, na tarehe 18 Septemba 2023 jimbo hili likawa la kwanza kuiondoa kabisa dhamana ya pesa. Anayetaka mshtakiwa abaki ndani ni mwendesha mashtaka, naye lazima aombe na amthibitishie jaji kwamba mtu huyo ni hatari kwa wengine au kwamba atatoroka. Akishindwa, mshtakiwa anatoka kwa masharti. Wapinzani walisema uhalifu utafumuka, wakaipeleka sheria hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, wakashindwa. Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote.

Kwa hiyo simu ikija, ulizeni kwanza jina la jimbo na kaunti, kisha namba ya kesi, kwa sababu kaunti nyingi zina tovuti inayoonyesha nani yuko mahabusu yao na dhamana yake ni kiasi gani. Kama ni Illinois na mtu anadai dhamana ya pesa kwa kesi ya jinai iliyofunguliwa sasa katika mahakama za jimbo, huyo ni tapeli. Anayetaka mlipe kwa kadi za zawadi za dukani naye ni tapeli, hata akiigiza sauti ya kijana wenu inayolia. Kateni simu, mpigie kijana mwenyewe au anayeishi naye.