Kabla Hujaongeza Seva, Hesabu Safari za Databesi

ASHA: Haya jamani karibuni tena. Leo ni databesi, na siyo ile mada ya ipi nzuri kuliko ipi maana hiyo haina mwisho, tunaongelea kwa nini programu yako mwezi wa kwanza ilikuwa inakimbia halafu sasa hivi inatambaa. Baraka, anza na ile ya ukurasa wa oda.

BARAKA: Ile iliniuma sana aisee. Ukurasa mmoja tu, unaonyesha oda 100 za mwisho, kila oda na jina la mteja wake. Kwenye mashine yangu unafunguka palepale. Kwa watumiaji wanasubiri mpaka wanakata tamaa, na sisi tukakaa kikao kizima tunajadili tununue seva yenye RAM kubwa zaidi, hakuna hata mmoja aliyefungua logi, zile kumbukumbu za programu, akaangalia kweri ngapi, yaani maswali ya kwenda databesi, zinatoka.

ASHA: Zilikuwa ngapi?

BARAKA: 101. Moja ya kuleta oda, halafu kwa kila oda kweri nyingine ya kwenda kuuliza mteja wake nani. Na ukiisoma kodi huoni kosa, ni lupu ya kawaida, umeandika oda.mteja.jina basi, kumbe ile nukta ya katikati ndiyo imebeba safari nzima ya kwenda databesi na kurudi.

ASHA: Hiyo ndo N+1, kweri moja ya orodha na nyingine kwa kila kilichomo, na inawakamata watu wengi kwa sababu ORM nyingi, zile zana za kugeuza mistari ya tebo kuwa vitu vya kodi, zinakawia kuleta data ya tebo ya pili mpaka uiguse. Halafu tuseme kwa nini kwako haikuonekana: databesi ilikuwa kwenye mashine hiyohiyo, safari karibu ni bure. Sasa weka mtandao katikati, safari moja milisekunde 2, zidisha mara 101, umeshapoteza 202 hata kama databesi yenyewe haijafanya kazi yoyote ya maana. Na seva zikiwa mbali, safari milisekunde 30, unapita sekunde 3 nzima, hapo RAM uongeze usiongeze ni palepale.

BARAKA: Kabisa. Sisi tulikuwa tunatumia Django, fremuweki ya Python, tukaweka select_related, ikafanya join, yaani kuunga tebo mbili ndani ya kweri moja, kweri ikabaki moja. Njia nyingine ni kukusanya namba za wateja wote halafu unauliza mara moja kwa IN, hiyo prefetch_related, zinakuwa kweri mbili na bado ni raha tu.

ASHA: Ila kaka usiwaambie watu waweke join kila mahali.

BARAKA: Hapana hapana, na hilo nimeliona kwa macho. Oda ina bidhaa 10 na malipo 5, ukiunga zote kwa join moja unarudishiwa mistari 50 kwa oda moja, maana kila bidhaa inakutana na kila malipo. Ukijumlisha malipo hapo jumla inatoka mara 10, na hiyo ni mbaya kuliko ucheleweshaji, ucheleweshaji mtu atalalamika, jumla ya uongo inaweza kukaa miezi. Uhusiano wa kwenda kwa mmoja, join. Wa kwenda kwa wengi, mimi natenganisha.

ASHA: Sawa. Tuje kwenye indeksi, ile orodha iliyopangwa inayoisaidia databesi kupata mstari bila kupitia tebo nzima, maana hapa ndipo kila mtu anakimbilia.

BARAKA: Na wana haki, kitu chenyewe ni kizuri mno. B-tree, ule mti wa ngazi unaobeba indeksi, waliileta Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, makala yao ikatoka 1972, na mpaka leo ukiandika CREATE INDEX kwenye databesi ya PostgreSQL bila kutaja aina unapata hiyo. Hesabu yake ndo naipenda: ukurasa wa PostgreSQL, yaani kipande kimoja cha data inachosoma kwa mara moja, ni kilobaiti 8, tuseme unaingia viingilio 300, basi ngazi tatu tu zinakufikisha kwenye 300 mara 300 mara 300, milioni 27. Unasoma kurasa tatu za indeksi na ya nne ya tebo yenyewe, umepata mstari wako.

ASHA: Halafu mtu anaweka indeksi na kweri haiitumii, anaanza kuilaumu databesi.

BARAKA: Mara nyingi kaifunga mwenyewe. Indeksi iko kwenye email, yeye anatafuta lower(email), yaani email iliyogeuzwa herufi ndogo, indeksi hiyo haina herufi zilizoshushwa, itabidi atengeneze indeksi ya lower(email) yenyewe. Au anatafuta LIKE inayoanza na alama ya asilimia, yaani mwanzo uwe wowote, ni kama kufungua kamusi unatafuta neno ambalo unajua herufi zake za mwisho tu, utaanzia wapi?

ASHA: Na ile ya kolamu mbili, usiisahau. Indeksi ya (mteja, tarehe) inakusaidia vizuri ukitaja mteja, au mteja na tarehe. Ukitaja tarehe peke yake, tarehe zimetawanyika chini ya kila mteja, mara nyingi inabidi databesi ipitie kila kitu.

BARAKA: Pia wakati mwingine databesi iko sahihi kuikataa. Kama unataka nusu ya tebo, kusoma tebo nzima mfululizo ni nafuu kuliko kurukaruka. PostgreSQL kwa mpangilio wake wa kawaida inauhesabia ukurasa wa kuruka gharama ya 4 na wa mfululizo 1, ndo maana inafanya hivyo. Halafu kila indeksi unalipia kwenye kuandika, ukiingiza mstari mmoja kwenye tebo yenye indeksi 8, zote 8 zinaguswa.

ASHA: Kwa hiyo ukiona kweri nzito unaanzia wapi?

BARAKA: EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha mpango wa databesi na kilichotokea kweli, sibahatishi tena. Na jicho langu la kwanza haliendi kwenye muda, linaenda kwenye makadirio ya mistari na mistari halisi. Ikikadiria 10 ikapata 400,000, mpango wote umejengwa juu ya takwimu zilizopitwa, unakuta tebo imejazwa data nyingi juzi na ANALYZE, ile ya kusasisha takwimu, haijapita. Ila jamani, EXPLAIN ANALYZE inaiendesha kweri kwelikweli, ukiiweka mbele ya DELETE data inafutika, ifungie ndani ya transaksheni umalizie na ROLLBACK ya kughairi.

ASHA: Hiyo mtu airudie kusikiliza mara mbili. Kingine, foreign key, kolamu inayoelekeza kwenye tebo nyingine: InnoDB, injini ya MySQL, inakuwekea indeksi yenyewe, PostgreSQL haikuwekei, na wanaohama kutoka huku kwenda kule wanashangaa kwa nini kufuta mteja mmoja kunachukua muda wote huo, kumbe databesi inapitia tebo nzima ya oda kutafuta zake.

BARAKA: Mimi la mpangilio wa kodi ndo linaniuma zaidi. Unakuta klasi moja ya kufikia data ina leta_zote(), kila mtu anaiita halafu anachuja kwenye lupu. Mistari 200,000 inasafiri ili zitumike 12. Mimi nataka fanksheni iitwe kwa swali la skrini, oda_zisizolipwa_za_mteja, ilete kolamu zinazohitajika tu.

ASHA: Si utaishia na fanksheni 80?

BARAKA: Niwe nazo, dada. Kila moja naweza kuichukua nikaipima.

ASHA: Mmh, hapo mimi ningegawa kidogo kidogo, ila nimekuelewa. Malizia OFFSET, ile ya kuruka mistari kufika kurasa za mbele.

BARAKA: Ukisema OFFSET 100000 LIMIT 20, databesi inapita mistari 100,020 inatupa 100,000. Badala yake iambie mahali ulipoishia, mistari yenye tarehe na id ndogo kuliko hii ya mwisho, indeksi inatua hapohapo. Id iwepo, maana tarehe zinaweza kufanana ukaruka mistari. Unachopoteza ni kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 500, anayetaka huko mpe sehemu ya kutafuta.

ASHA: Na ule ukurasa wa oda mmeulinda vipi?

BARAKA: Tumeweka jaribio kwa assertNumQueries ya Django, inayohesabu kweri: ukurasa huu mzima, siyo zile oda tu, kweri 3, ikizidi linafeli, kodi haiingii.

ASHA: Limeshawahi kufeli?

BARAKA: Wiki iliyopita. Mwenzetu aliongeza anwani ya kupelekea mzigo chini ya jina la mteja, mstari mmoja tu wa kodi. Jaribio likasema 103.