Nani Ameshika Kamera?

Hamjambo nyote. Asanteni vijana wa Kisumu kwa kujaza ukumbi, na wazee wetu mliotoka Kibos na Kondele, karibuni sana.

Filamu tuliyotoka kuitazama, Minority Report ya Steven Spielberg ya mwaka 2002, imetokana na hadithi ya Philip K. Dick ya 1956. Tuko Washington, mwaka 2054, na polisi wanamkamata mtu kwa mauaji ambayo bado hajayatenda. Mtaniuliza weusi ni wangapi humo. Swali la haki. Sensa ya 2000 ilionyesha weusi walikuwa karibu asilimia 60 ya wakazi wa jiji hilo, ilhali filamu inawaweka mbele Tom Cruise, Colin Farrell na Max von Sydow. Hilo ni pengo, na sitalipamba.

Ila kuna jambo linaloniuma zaidi. Kumbukeni wale buibui wa chuma. Polisi wanawaachilia ndani ya nyumba za kupanga za watu wa hali ya chini. Wanapenya chini ya milango, wanapanda vitandani, wanamulika macho ya kila mtu ili kumtambua. Mwanamume na mwanamke wanazozana. Wananyamaza, wanamulikwa, kisha wanaendelea kuzozana palepale walipoachia. Wamezoea! Buibui hao hatuwaoni wakipanda vitanda vya wakubwa.

Tena filamu inadhani mashine humtambua kila mtu sawasawa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kubaini jinsia ya mtu kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Januari 2020, baba mmoja mweusi alikamatwa karibu na Detroit mbele ya mkewe na binti zake, kisa kompyuta imemfananisha na mwizi wa saa. Mwandishi anayeijua hofu hiyo mwilini mwake angetuandikia hadithi nyingine kabisa.

Na hofu hiyo tunayo hapa. Huduma Namba, mpango wa serikali ya Kenya wa kumsajili kila mtu kidijitali, ilipokuja mwaka 2019, Jukwaa la Haki za Wanubi, shirika la Wakenya wenye asili ya Sudan, lilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu. Januari 2020 mahakama ikakataza kuchukua DNA na kunasa kwa setilaiti mahali mtu anapoishi, na ikataka kanuni kamili ziwekwe kwanza. Wazee wa Kibos, Wanubi wenyewe, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alitimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, akaambiwa alete karatasi za babu yake na asimame mbele ya kamati ya uhakiki. Mfumo unaomdai kila mtu kitambulisho ulimwacha huyu wapi?

Hapo ndipo penye filamu yetu, jamani. Mwongozaji wa Kenya Wanuri Kahiu alishatufungulia njia mwaka 2009 kwa filamu yake fupi, Pumzi: Asha anaota mti, na wakubwa wanamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Mwandikeni sasa binti wa Kibos ambaye mashine inamkana, au mvuvi wa Dunga ambaye kamba zimemfuta alama za vidole. Mpeni akili, hasira na mapenzi. Msimweke awe maiti ya kwanza ili shujaa mgeni apate sababu ya kukimbia. Na nyuma ya kamera akae mtu anayemjua mama yake.

Nitayasoma maandiko yenu yote. Haya, maswali.