Jani la Shubiri Ndani ya Glasi

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo.

Mtanisamehe, leo naanza na kisu. Hili ni jani la mshubiri, nimelichuma asubuhi hii. Nalikata shinani hivi, nalisimamisha ndani ya glasi, pale nilipokata pakiwa chini. Tuliache hapo, tutalirudia.

Nimeombwa nizungumzie dawa za kujitengenezea nyumbani kutoka bustanini. Lakini mimea mnayo. Nyuma ya jiko hapakosi mchaichai, mlangoni kuna kivumbasi, uani kuna mpera. Siwezi kuja Tanga kumwonyesha mtu mwarobaini! Nilichokuja nacho ni kipimo. Bibi zetu walikuwa na vipimo vyao: konzi moja, ncha za vidole vitatu, kikombe cha kahawa. Majani waliturithisha, vipimo tukawazika navyo. Sasa mtu anachemsha sufuria nzima ya mwarobaini, anakunywa kutwa kama maji, ati miti shamba haina kemikali. Jamani, ule uchungu ni nini basi?

Mwarobaini kuogea upele, sina ugomvi nao. Ila mjamzito asiunywe, na mafuta ya mbegu zake mtoto mchanga asinyweshwe hata tone. Yamewahi kuua watoto. Na ninyi mnaomeza dawa za kisukari, mkinywa mwarobaini au mlonge mwambieni daktari, maana dawa na majani kwa pamoja vinaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Tuje kwenye mchaichai, nilikuwa na hamu ya kufika hapa. Harufu yake ile ni mafuta, na mafuta hayo hupanda na mvuke. Ukiuchemsha sufuria ikiwa wazi, nyumba ndiyo inayokunywa dawa, wewe unabaki na maji ya kijani. Chemsha maji peke yake, ipua, tia majani uliyoyakatakata, funika, hesabu dakika 10. Kivumbasi vilevile. Tangawizi ni shina gumu, hiyo ndiyo ya kuiacha ichemke polepole. Ukikausha majani, yatandaze kwenye ungo kivulini, jua litakula harufu yote. Jani likivunjika vidoleni, tia chupani, andika jina na tarehe. Msicheke. Majani makavu yote yanafanana, na usiku wa manane ndipo utakapoyatafuta.

Tangawizi ya kikohozi watu hutia asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia, vikatoa sumu ya kulegeza misuli hadi pumzi. Na mtoto anayeharisha, kabla hujakimbilia majani ya mpera, mrudishie maji: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta, visiwe na kilima. Akizidi kulegea, hospitali.

Najua kuna swali la artemisia, mmea ambao watu huchemsha chai yake wakitaka kutibu malaria. Mwaka 2015 mama mmoja wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea huo. Alikuwa amejaribu, dawa ikawa haishiki vizuri. Akarudi kwenye kitabu cha mganga Ge Hong, cha karne ya 4, akakuta kimeandika: loweka majani katika maji, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha! Akang'amua kwamba moto ndio unaoharibu, akatumia kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo. Sasa sisi wenye birika tuko wapi? Kikombe cha leo na cha kesho havilingani, na vimelea vikipigwa nusunusu vinazoea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kwa kutibu malaria. Homa ikipanda, kapime.

Haya, tazameni glasi. Mnaona maji ya manjano pale chini? Nilipokuwa kijana, shemeji yangu alilalamika tumbo limejaa. Nikamsagia jani zima la mshubiri, ganda na kila kitu, nikamtilia sukari. Usiku ule mlango wa choo haukupumzika. Asubuhi alinitazama tu, hakusema neno, na mpaka leo chai yangu haionji kabla sijaionja mimi. Yaliyomkimbiza ni maji haya ya manjano, yanakaa chini tu ya ganda. Ndiyo yale mama zetu waliyopaka titi kumwachisha mtoto ziwa. Mjamzito asiyaguse kwa kinywa.

Robo saa imetosha. Nalitoa, nalisuuza, naondoa miiba ya pembeni, nabandua ganda. Huu ute unaong'aa ndio tunaoutaka, wa kupaka ngozi iliyoungua kidogo, isiyo na kidonda wazi, na baada ya kuipoza kwa maji ya bomba dakika 20. Hautunziki, utumie leo hii.

Nani amerukiwa na mafuta ya kukaangia wiki hii? Mama wa kule nyuma, naona unaficha mkono. Njoo, tuutazame kwanza.