Orodha ya Sehemu za Kula Unguja, na Bakuli la Watu

Assalaam alaykum wenzangu. Mnanisikia? Ngojeni niisogeze simu, leo nimeiegemeza kwenye kopo la sukari na kila nikipita inaanguka. Haya. Nipo jikoni kwangu Leicester, saa kumi na moja jioni, nje kiza tupu, na mvua ya huku ile ya kuudhi, hainyeshi ikakatika wala haiachi. Shikamooni wakubwa mnaoniangalia kwenye simu za wajukuu. Mama, najua upo. Usianze kuniandikia habari za nywele zangu.

Leo nna kesi, mnisaidie.

Mwenzangu wa kazini, Muingereza, tunahudumia wazee pamoja zamu ya usiku, anakuja Zanzibar siku kumi. Kaniambia: niandikie sehemu za kula, lakini sitaki za watalii, nataka zile unazozikumbuka wewe. Nikasema hilo jepesi, lete kalamu.

Nikaandika Forodhani. Nikaandika Lukmaan, pale Mkunazini penye mbuyu. Nikaandika Jaws Corner, kahawa. Kisha kalamu ikasita.

Kwa sababu Jaws Corner, jamani, mie nimepita mara elfu na sijakaa hata mara moja. Mtoto wa kike utakaa wapi pale? Wanaume wamejaa barazani, dhumna zinapigwa, siasa zinapikwa, wewe unapita na kikapu chako macho chini kama umedondosha sindano. Kahawa mie naijua kwa masikio. Muuza kahawa akipita mtaani kwetu na dele lake, makaa yanawaka chini yake, mkono wa pili anagonganisha vikombe, kche kche kche. Bibi akiusikia mlio ule ananituma dirishani nimwite. Kahawa chungu, vikombe viwili, na kashata. Kashata ilikuwa yangu. Hiyo ndiyo Jaws Corner yangu mie, dirisha. Sasa nimpe Muingereza anwani ya dirisha?

Forodhani je? Forodhani naipenda, msinielewe vibaya, najua mtanijia juu. Lakini kwetu Forodhani ilikuwa ya Sikukuu. Umevaa gauni la Idi, viatu vinabana, umeshamaliza pesa Mnazi Mmoja kwenye bembea, ndipo baba anasema haya twendeni tukapunge upepo. Unakunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, unaangalia vijana wanavyopiga makachu, wanakimbia mbio mpaka ukingoni wanajirusha baharini kichwa chini miguu juu, na mama anakushika mkono usije ukasogea. Bustani ile ilitengenezwa 1936 kwa jubilei ya Sultan Khalifa, na wazee wengine mpaka leo utawasikia wanaiita Jubilee. Mnaoikumbuka ya zamani, kabla haijafungwa ikatengenezwa na kufunguliwa tena 2009, mnajua nyasi zilikuwaje. Tukikaa chini ukiinuka gauni lina ramani.

Na Zanzibar pizza, naomba nilitoe rohoni. Vijana wanasema ni chakula cha asili. Mie naiona ni mjukuu wa mkate wa mayai aliyekwenda kukaa na wageni akarudi na tabia. Ndizi na chokoleti ndani ya chapati! Haya, anayeipenda aile, mie sigombani. Mwenzangu nimemwambia aijaribu, na aulize bei kabla ya kuuma, kama popote duniani.

Lakini kuna kitu kimoja sikumwambia. Forodhani ninayoikumbuka nyuma yake pana Beit al-Ajaib, ile nyumba ya Sultan Barghash ya 1883, imesimama nzima na saa yake. Ilipoporomoka upande, 25 Disemba 2020, huku ilikuwa Krismasi, nawapakulia wazee chakula chao. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaangalia klipu ile nimesimama na mwiko mkononi. Watu wawili walikufa, Mungu awarehemu. Mzee mmoja akaniuliza, binti, mbona umesita? Nikamwambia kwetu nyumba imeanguka. Akadhani nyumba yetu.

Basi. Tuje kwenye kesi yenyewe.

Nilipokaa nikajiuliza kwa kweli, wapi hasa napakumbuka, vilivyokuja havina jina wala kibao. Kwetu Kikwajuni, kwenye majumba yale yaliyojengwa na Wajerumani, mlango wa chini kabisa ulikuwa na chaki: BARAFU ZIPO. Unagonga, mkono unatoka, unatoa pesa, unapewa malai ndani ya kifuko, mkono unarudi. Miaka yote ile uso wa mwenye barafu niliuona labda mara mbili. Nyumba ya pili ubuyu, ule mwekundu wenye iliki na pilipili manga, unaufyonza mpaka ulimi unakuwa kama wa kasuku. Na Ramadhani, mkate wa mofa. Mama yule alikuwa na tanuri uani, anaingiza mkono mpaka begani kuubandika mkate ukutani mwa tanuri, unga wa mtama, moto unamvuma usoni, naye amefunga! Foleni ya watoto na vitambaa vyao, wote tunanusa na hakuna wa kumega. Ukifika nyumbani na mkate una alama ya kidole, unaulizwa.

Na urojo. Hapa nipeni nafasi.

Vuga pana urojo, kila mtu atakwambia. Lakini wetu sisi ulikuwa wa mama mmoja njia ya kwendea Miembeni, kwenye kipembe, meza moja, ndoo moja, na kigoda. Baada ya Alasiri ndipo anapofungua. Ukikuta ndoo imefunikwa kwa sinia ujue kamaliza, rudi kesho, usibishe. Mimi nilikuwa nikitumwa na bakuli. Siku zile mtu anakwenda na chombo chake, na mnaojua mnajua kwamba mwenye bakuli kubwa hapewi zaidi, anaonekana mroho tu.

Anaanza na viazi, anavikata mkononi juu ya bakuli, hana ubao. Bajia za dengu tatu. Kachori moja anaiminya kidogo ipasuke. Halafu upawa, ule uji wa manjano wenye embe mbichi, unaanguka taratibu mpaka viazi vinaelea. Kisha chatine ya nazi, pilipili anauliza "ya nani?", ikiwa ya Bibi anatia kijiko kizima, ikiwa yangu anachovya ncha tu. Mwisho chipsi za muhogo juu, zile nyembamba kama nyuzi, na hizo ndizo za kuwahi, kwa sababu ukichelewa njiani zinalowa, na urojo wa chipsi zilizolowa Bibi anautambua kwa kuutazama. (Wanaotia ndimu badala ya embe, mnaweza kuandika chini mkajitetea. Ukwaju naukubali.)

Sasa mtasema, si upike? Kwani Leicester hakuna vitu? Vipo! Hapa Belgrave Road ukitaka unga wa dengu, manjano, embe mbichi, nazi iliyokunwa ikagandishwa, vyote utapata. Wahindi wengi wa hapa walitoka Uganda Amin alipowafukuza 1972, na halmashauri ya mji huu huu ililipia tangazo kwenye gazeti la kule Uganda kuwaambia wasije. Wakaja. Leo ukisema Leicester mtu anafikiria chakula chao. Dukani ninakonunua, muhogo umeandikwa "mogo". Siku ya kwanza nikamwambia bibi wa dukani, huu muhogo. Akanijibu kwa Kiswahili cha Jinja, "Muhogo yako, mogo yangu, pesa sawa." Toka siku hiyo tukawa ndugu, na nazi ananipa ile ya nyuma ya friza.

Basi nikapika. Jumapili nzima. Sufuria ya viazi, karai la bajia, karai la kachori, blenda ya chatine, muhogo nimeuparuza mpaka kidole kimechubuka, na uji wenyewe ulifanya madonge nikauchuja kwa chujio la chai. Vyombo vya harusi! Nikala dakika nne. Rangi ilikuwepo, ukali ulikuwepo, siwezi kusema ulikuwa mbaya.

Nikiwa naosha ndipo nikaelewa. Yule mama wa Miembeni hakupika vyote vile. Bajia alikuwa akiletewa na jirani yake kwenye sinia. Kachori za mtu mwengine, mtoto ndiye anazileta, mara nyengine anachelewa na sote tunamsubiri. Mishkaki ukitaka, pembeni kuna kijana na seredani yake, anapepea. Yeye mama kazi yake uji, chatine na mkono wa kupakua. Bakuli moja lile lilikuwa limepita nyumba nne kabla halijanifikia mie. Na mie huku nataka kuwa nyumba nne peke yangu, Jumapili, na kesho zamu.

Sasa niwape ya bakuli, maana ndiyo iliyonifanya nirikodi.

Siku moja, nilikuwa na miaka tisa au kumi, narudi na urojo, baiskeli ikanijia, nikaruka, bakuli likaenda. Chini vipande viwili, kuku wakaja mbio. Nikarudi kwa yule mama nalia. Hakuniuliza. Akachukua bakuli lake mwenyewe, la bati, jeupe, lina ua la buluu, akapakua upya. Akasema, "Nenda, hilo utalirudisha." Pesa hakutaka.

Wiki iliyopita nikamwandikia mpwa wangu, nikamwambia nenda pale kwenye kipembe uone kama bado pana urojo, nipate cha kumuandikia Muingereza. Akanijibu kwa sauti, WhatsApp, nimeisikiliza mara nane. Anasema pale sasa pana duka la kava za simu. Lakini akauliza, akaambiwa songa mbele milango miwili. Akamkuta mwanamke anauza, na pembeni yake mama mtu mzima amekaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha. Mpwa wangu akaeleza: naulizwa na mama mdogo wangu yuko Uingereza, tulikuwa tukikaa Kikwajuni, akitumwa na bibi yake. Yule mama akanyamaza. Kisha nasikia sauti yake kwa mbali, na hapa mie nilikuwa nimekaa kwenye basi, nilicheka mpaka watu wakageuka. Anasema, "Yule wa baiskeli? Mwambie bakuli langu sijaliona."

Miaka zaidi ya ishirini!

Nikampigia mama. Nikamwuliza, lile bakuli la bati lina ua? Mama, mbele ya watu wote hawa, hebu rudia ulichoniambia. Kasema, "Lipo, nachotea mchele." Miaka yote hiyo bakuli la watu linachotea mchele nyumbani kwetu na hakuna aliyeshtuka.

Kwa hiyo ile orodha nimeichana. Mwenzangu anaruka Jumamosi. Nimempa namba ya mpwa wangu, na nimempa maelezo ya mstari mmoja: baada ya Alasiri, chukua bakuli kwa mama, lioshe vizuri, nenda nalo, wakipakua kula hapo hapo, kisha liache. Kanijibu, "Kwa hiyo huo mkahawa unaitwaje?" Nikamwambia muulize mwenye bakuli.

Mama, mchele utafute kopo jengine. Na wewe mpwa wangu, ukimpeleka, mpitishe njia ya ndani, barabarani baiskeli nyingi.