Siku ya Soko Haiji Ghafla

Ndugu zangu wa mwalo, matajiri wa mitumbwi, mama zangu mnaoanika dagaa, asanteni kunikaribisha hapa Kirumba, Mwanza. Leo nataka tuzungumze juu ya visingizio: kipi cha kukubali, na kipi cha kukataa.

Mvuvi wa dagaa akikwambia jana hakuingia ziwani kwa sababu ya mbalamwezi, humgombezi. Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukipevuka, taa haiwavuti tena, na kwenda huko ni kuunguza mafuta bure. Lakini tajiri aliyewaahidi vibarua malipo ya tarehe inayoangukia mbalamwezi, siku ikifika akasema mwezi umemwangusha, huyo simwelewi. Mwezi hupevuka kila baada ya siku 29 na nusu, na hakuna ajuaye hilo kuliko yeye.

Nichukue jambo zito zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kisiwani Ukerewe, kilipinduka kikikaribia kufika kisiwa cha Ukara, humu humu Ziwa Victoria. Waliokufa walizidi 220, na kivuko chenyewe kilijengwa kubeba watu 100 hivi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko.

Abiria aliyejibana mle na mzigo wake nitamlaumuje? Alikuwa anarudi kwao kutoka sokoni. Ni sababu, tena ya haki. Lakini maneno hayohayo, "ilikuwa siku ya soko", yangetoka kinywani mwa mwenye kazi ya kuhesabu abiria na kufunga lango, ningeyakataa palepale. Soko huja kila wiki, naye aliwekwa langoni kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kisingizio chaweza kuwa kweli tupu, ndugu zangu. Ndiyo maana huwa nauliza: anayesema ni nani, alijua nini mapema, na jambo lenyewe lilikuwa mikononi mwa nani?

Sasa matajiri, nisikilizeni vizuri. Wapo miongoni mwenu wasiotaka kusikia sababu yoyote. Nahodha akirudi na mtumbwi mtupu kwa kuwa upepo umechafuka, anaambiwa mvivu, anakatwa hela. Safari nyingine upepo ukivuma hatarudi, atabaki hukohuko na vijana wa watu. Hili linaniuma kuliko visingizio vyote, kwa sababu linaua.

Akirudi mapema, kaeni naye. Muulizeni alikuwa wapi, mawimbi yalianzaje, mitumbwi ya jirani ilifanya nini. Waulizeni na hao jirani. Mkiridhika, msimkate hata shilingi.