Australia wamefungia watoto TikTok, Dodoma ingewezekana?

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma na kanda ya kati yote, karibuni tena, mimi bado nipo huku Perth, Australia, najikaanga na joto.

Sasa inboksi yangu imejaa swali moja tu, eti ni kweli huko watoto wamefungiwa TikTok? Ni kweli. Sheria ilipita Novemba 2024 ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, chini ya miaka 16 huruhusiwi kuwa na akaunti ya TikTok, Instagram, Snapchat, Facebook, YouTube na zingine, WhatsApp haimo. Denmark nao walishatangaza wanataka 15.

Ila wengi mnakosea hapa, mnadhani mtoto anakamatwa au mzazi anapigwa faini, hamna, anayebanwa ni kampuni, ikizembea faini inafika dola milioni 49.5 za huku, zidisheni wenyewe kwa shilingi. Na kilichokatazwa ni akaunti siyo kuangalia, YouTube mtoto anafungua bila akaunti na katuni zake anaziona kama kawaida. Kijana wa jirani yangu aliambiwa ajipige selfi wamkadirie umri, ana vindevu vitatu tu hapa kidevuni, akapita! Mama yake kanuna mpaka leo.

Haya wewe unayekomenti "tuletewe na sisi", tutaanzia kwenye simu ya nani? Dada yangu yupo Nkuhungu, binti yake ana miaka 12, simu hana, laini hana, laini ni ya mama imesajiliwa kwa kidole cha mama. Mtoto anamsubiri mama arudi soko la Majengo, anampokea kapu vizuri kabisa, "mama lete simu nikuangalizie salio", basi ndo imeenda hiyo, bando linaishia kwenye kucheza challenji, na akaunti ni ya mama, mwaka wa kuzaliwa 1988, profaili picha mama na sare yake ya kwaya. Kampuni itamjuaje mtoto hapo? Wao wanaona mama mtu mzima anayependa kudansi saa tatu usiku.

Siipingi sheria mimi, kuibana kampuni ndo sawa maana hela wanakula wao. Ila ikija kwetu hivihivi ilivyo itawagusa watoto wenye simu zao, huyu anayeazima ya mama itampita pembeni.

Dada najua unaangalia, weka paswedi kwenye hiyo simu, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa, anaujua.